Jembe la Shamba la Mtoni

Hapo zamani, vita vilipokwisha, watu wa Mkumbule walirudi kwao wakakuta shamba moja tu lenye rutuba: kipande chembamba kando ya mto, nacho kimetegwa mabomu ya ardhini. Desturi ya pale ni hii: aliyefyeka pori ndiye hupewa jembe na jumbe, akapiga tuta la kwanza, shamba likawa lake.

Sasa sikilizeni. Mume wa Nambela ndiye aliyelifyeka pori lile kabla ya vita, vita vikaingia hajakabidhiwa jembe. Amani ilipokuja aliwahi kwenda kulima, akakanyaga bomu, akafa. Kwa kifo chake wengine wakajua pametegwa, wakapona.

Akaja Kanduru, askari aliyeyatega mabomu yale. Alijua atapigwa, na kweli alipigwa. Akaonyesha mabomu yalikolala, mstari kwa mstari.

Akaja Tekla, mteguaji wa mabomu. Alipiga magoti, akakata vichaka, akachokoa udongo, akategua, akasogea shubiri, akapiga magoti tena. Bomu moja Kanduru alilisahau. Hilo likamkata Tekla mkono wa kushoto. Alipopona alirudi, akamalizia kwa wa kulia.

Siku ya kukabidhi shamba, jumbe alisimama na jembe.

Nambela akasema, "Jumbe, pori hili alilifyeka mume wangu, na damu yake imo humu. Wanangu wanalala njaa. Niende wapi?"

Watu wakasema kweli. Jumbe akamnyooshea jembe.

Kanduru akasema bila kuinua macho, "Bila mimi mngechokoa mpaka wajukuu. Kwetu wamenikataa. Sina pengine pa kulima."

"Si wewe uliyetega?" Nambela akamuuliza.

"Nilitega, mama. Na nimerudi. Wenzangu wako wapi?"

Watu wakasema kweli. Jumbe akalirudisha jembe.

Tekla akacheka kidogo. "Bwana Kanduru, lile ulilolisahau nimelikumbuka mimi. Kazi ya kutegua sipewi tena. Desturi yenu inasema aliyefyeka. Haya, nani kafyeka?"

Watu wakasema kweli, kisha wakatazamana.

Mmoja akashauri wagawane. Jumbe akamjibu, "Kipande hiki? Kila mmoja atavuna cha kulisha kuku."

Mvua za kupandia zimeanza kudondoka. Jumbe bado amesimama, jembe mkononi, anamgeukia huyu, anamgeukia yule.

Nami nimewageukia ninyi: je, jembe linamstahili nani?