Waume Wawili wa Bibi Pimbi

Paukwa!
— Pakawa!
Hiyo ni sauti ya watu waliokula au waliofunga? Tena. Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na jabali.
— Likasimama!
Ndani ya jabali palikuwa na kizee.
— Tupe habari zake!
Nitawapa, lakini kaeni vizuri. Kisa hiki kina msiba ndani yake.

Bibi Pimbi alikuwa mjane, akiishi katika mwanya wa jabali. Mumewe, Babu Pimbi, alitoka siku moja ya kiangazi kwenda kutazama njia ya bondeni, asirudi. Walimtafuta siku tatu. Siku ya nne wakaacha kutafuta, wakaanza kulia.

Likizo ikafika, wajukuu watatu wakaletwa. Bibi akawapokea mlangoni kama bibi yeyote wa kwetu anavyopokea. Wa kwanza ni Makame, ameanza kuota ndevu na sauti inamkatikakatika. "Karibu, mume wangu!" Wa pili ni Siwatu, binti wa maswali mengi. "Karibu, mke mwenzangu!" Maana mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, nani asiyejua? Siwatu alikuwa akimpikia Babu wali wa mchanga na kumkataza asile kwingine. Wa tatu ni Kombo, juzi tu kaachishwa ziwa. "Karibu, mume wangu mdogo!" Kombo akamng'ata kidole.

Kila likizo Babu ndiye aliyewatembeza. Safari hii Bibi akasema, "Nitawatembeza mimi. Mnataka kwenda wapi?"

Makame akasema, "Mimi nataka kupanda juu."

Siwatu akasema, "Mimi nataka kuoga majini."

Kombo akasema, "Mimi nataka kula."

Bibi akawaza. Akienda juu, Kombo ataanguka. Akienda majini, Makame atanuna. Akibaki nyumbani wale tu, Siwatu ataanza kuuliza Babu yuko wapi. Na magoti yake yalikuwa na nguvu za matembezi ya mara moja, basi. Akawaza, akawaza, hadi akapata: bondeni, kwenye mkuyu! Pana mwamba wa kupanda, pana chemchemi ya kuoga, na makuyu yameiva yanaanguka yenyewe, to! to! to!, hata mtoto anajiokotea.

Lakini bibi hapeleki wajukuu mahali ambapo hajapatazama. Asubuhi akashuka peke yake, nyata, nyata, nyata. Chini ya mkuyu amelala Chui.

"Shikamoo, Bwana Chui."

Chui hakuitikia. "Unatafuta nini hapa?"

"Mahali pa kuwatembeza wajukuu wangu."

Chui akajiramba. "Wangapi?"

"Watatu."

"Walete kesho. Nitakula mmoja tu, wawili utarudi nao. Usipowaleta, nitapanda huko jabalini niwale wote."

Bibi akainamisha kichwa. Akasema, "Nimesikia, bwana. Ila lazima kwanza niwaambie waume zangu."

Chui akacheka, he! he! he! "Waume gani, we kizee? Mumeo nilimla mimi kiangazi, hapa hapa. Alikuwa mgumu."

Hivyo ndivyo Bibi alivyojua. Alisimama tu. Hakulia, maana ukilia mbele ya Chui umekwisha. Machozi akayaweka aje kuyalia baadaye, na nawaambia, sijaona kazi nzito kama ile.

"Huyo alikuwa wa zamani," akasema. "Sasa ninao wawili."

"Wawili!"

"Wawili, na wote nawaita mume wangu mbele za watu."

Hapa, wanangu, sikilizeni. Chui akishaacha ziwa, mama yake humpa mgongo. Hana babu wa kumtania, hana bibi wa kumwendea likizo. Utani wetu hakuujua. Na Bibi Pimbi hakusema uongo hata neno moja.

"Wakoje?" Chui akauliza.

"Mdogo hana adabu. Akishikwa na njaa, jabali zima halilali. Hatafuni, anameza. Jana kaning'ata, tazama kidole. Akitaka kukojoa, hukojoa pale pale alipo, hata awe mgongoni mwangu."

"Na mkubwa?"

"Mkubwa haongei na mtu. Anaamka mchana, anakula chakula cha watu sita, na ukimwuliza kitu ananguruma."

Chui akakunja mkia. "Unaishije nao?"

"Nimewazoea. Tatizo ni mke mwenzangu. Huyo uliyemla alikuwa mume wake pia. Huyo hachoki kuuliza, na atataka kujua nani kamchukua. Siku akijua..."

"Walete niwaone," Chui akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Siku ya pili Bibi akashuka na wajukuu, akawaingiza katika pango lililo juu ya mkuyu, pango lenye mwangwi. Makame aliambiwa anung'unike apendavyo. Siwatu aliambiwa anyamaze. Kombo alinyimwa chakula tangu asubuhi, na jambo hilo lilimuuma Bibi, hata akawa hawezi kumtazama usoni. Kisha akaketi mlangoni mwa pango, akangoja.

Chui akaja, nyata, nyata, nyata.

"Nyaaaa!" Pango likaitikia: NYAAAA!

"Nani huyo?"

"Mume wangu mdogo. Ana njaa."

Chui akarudi nyuma hatua moja.

"Iiii-nghrrr!" Sauti ya Makame ilianza nyembamba ikaishia nzito. Pango likaitikia: NGHRRRR!

"Na huyo?"

"Mume wangu mkubwa. Kaamshwa mapema."

Chui akarudi nyuma hatua mbili. Lakini hakukimbia. Mlafi akishaonja nyama kwa mawazo, haondoki upesi. Akanusa huku, akanusa kule. "Mbona nasikia harufu ya pimbi tu?" Akaja mbele hatua moja. Akaja hatua mbili. Akaja hatua tatu. Bibi akajua mambo yameharibika. Hila zote zilikuwa zimemwishia, na nyuma yake wapo watoto watatu wa watu.

Hapo Siwatu akaanza kulia. Hakufundishwa. Alikuwa amesikia "mume wangu", "mume wangu", naye akamkumbuka wa kwake.

"Mume wangu yuko wapi?" akalia. "Nani kamchukua mume wangu?"

Pango likaitikia: NANI KAMCHUKUA? NANI KAMCHUKUA? NANI?

Chui alilijua jibu. Manyoya yakamsimama mgongo mzima. Puruuu! Akakata vichaka. Puruuu! Akavuka mto. Hakusimama mpaka nchi za watu, na hadi leo bonde lile hajalikanyaga.

Basi wakashuka mkuyuni. Makame akapanda mwamba. Siwatu akaoga. Kombo akala makuyu mpaka akalala na moja mdomoni. Bibi akaketi chini ya mti, akaomba dua, kisha akayalia yale machozi yake. Siwatu akatoka majini, amelowa chapa, akakaa kando yake.

"Bibi, Chui alikimbia nini? Mimi nilikuwa nalia tu."

"Ndicho alichokikimbia, mke mwenzangu. Babu yako alifia hapa."

Siwatu hakuuliza swali jingine. Wakashikana mikono, wajane wawili, wakalia pamoja mpaka wakatosheka.

Nanyi mnaosubiri funzo, haya, lichukueni. Kisa hiki kinafundisha kwamba mjane atulie, asikimbilie waume. Na akiwataka sana, basi awe mmoja. Kinafundisha pia kwamba mtoto akiambiwa anyamaze mbele ya mgeni, anyamaze. Kulialia ovyo ni utovu wa adabu, na hakujamsaidia mtu yeyote.

Nami mzigo wangu nimeutua.
— Tumeupokea!
Ni mzito?
— Tutapokezana!