Nondo Asiye na Mdomo

Halishwi nondo, hulishwa kiwavi. Msemo huo mnausema kwa kucheka, wajukuu zangu, halafu mnaniuliza umetoka wapi. Umetoka nyumbani kwangu.

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tisa Aprili. Asubuhi hiyo Kupaza, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufuga nondo, alilitia kufuli geti la shamba la miti ya mwiza, pembeni ya msitu. Wageni wakubwa walikuwa waje baada ya wiki tano kuangalia nondo wetu wa msituni, wenye mabawa mapana kama sahani, naye alitaka waikute miti ina majani.

Majani hayo ndiyo chakula cha viwavi. Mke wangu Mwajabu aliwalea bandani tangu mayai. Kiwavi hula mwezi mzima, akanenepa kama kidole gumba, kisha hujisokotea kifuko akalala humo. Akitoka, ni nondo.

"Shemeji, nipe ufunguo," Mwajabu alimwomba Kupaza. "Wamebakiza siku kumi za kula."

"Vumilia, shemeji. Amri imetoka juu."

Basi mke wangu akawa anavuka mto na mvua za masika, kutafuta majani ng'ambo. Hayakutosha. Viwavi wakajifunga mapema, wamekonda. Naye akaanza kukohoa.

Siku ya wageni nondo walitoka na mabawa yamesinyaa. Kupaza akaja mbio na asali na ndizi mbivu.

"Walisheni wapate nguvu!"

Mwajabu alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Utamtilia wapi, shemeji? Huyu hana mdomo. Siku zake zote chache anaishi kwa alichokula utotoni. Halishwi nondo, hulishwa kiwavi."

Wageni walicheka. Kupaza hakucheka.

Kikohozi kile kilikuwa kichomi. Jioni niliomba pikipiki ya kikundi nimpeleke zahanati, nikaambiwa inawangoja wageni. Siku ya tatu akafariki.

Kupaza alikuja msibani na mchele, maziwa na blanketi jipya, bado limo kwenye nailoni. Nikamwonyesha kaburi.

"Halishwi nondo," nikamwambia.

Waliokuwa mkekani wakamalizia wenyewe: "Hulishwa kiwavi."

Akainama. "Ndugu yangu, ile ya geti ilikuwa amri kutoka juu."

Nikamuuliza, na mpaka leo nauliza: juu kwa nani?