Neno Alilodaiwa Nyati

"Twiga ndiye namba moja!"

"Namba moja ya nini? Twiga harushi mpira. Anauweka tu, kama mtu anayeweka sufuria kabatini!"

"Basi nani? Digidigi? Kale kadude?"

"Kadude hako hako kalimfunga Nyati!"

"Kwa bahati!"

"Bahati ya mara kumi na tisa, Fisi? Una akili wewe?"

Ngojeni. Nimewatupa katikati ya ugomvi, hata sijawaita. Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, mnaumwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ambayo hata bibi wa bibi yangu aliisikia tu, mpira wa kikapu ulikuwa wa wanyama. Mnana, yule ndege mfumaji, alifuma kikapu. Kikatundikwa juu ya mgunga. Wachezaji walilipwa mtama, wakalisha nyumba zao. Haukuwa mchezo wa watoto. Ilikuwa kazi.

Wachezaji wakazeeka. Wanyama wakasema, tuwaandike Kumi Bora wa zama zote. Wakachagua mwamba mweupe. Karani akawa Nungunungu, akiandika kwa mwiba wake mwenyewe.

Palikuwa na sheria moja. Sifa za rafiki hazihesabiwi. Sifa za mke hazihesabiwi. Za mashabiki ndiyo kabisa! Anayekupa nafasi kwenye mwamba ni yule aliyekukaba uwanjani. Asimame mbele ya wote aseme, "Nilimkaba, nikashindwa." Sheria ngumu. Lakini ya haki.

Sasa Digidigi alikabwa na Nyati. Fainali ilichezwa kiangazi. Nyati akikanyaga, vumbi, fuuu! Uwanja wote ukafunikwa. Watazamaji hawakuona kitu. Walisikia tu kwato ndogo, tu-tu-tu. Kisha mpira, chwaa! Tu-tu-tu. Chwaa! Mara kumi na tisa.

Vumbi likatua. Digidigi amesimama, ulimi nje. Alipitaje? Hakuna aliyeona. Wengine wakasema bahati. Wengine wakasema upepo. Aliyejua ni Nyati peke yake, maana alipitwa chini ya tumbo lake mwenyewe.

Na Nyati akanyamaza. Mnajua kwa nini? Kwenye mwamba, nafasi ya tano, paliandikwa: NYATI, UKUTA USIOPITIKA.

Digidigi akaugua kifua. Ni vumbi lile la uwanjani. Akalala chini ya kichaka, kho, kho, kho. Mkewe kando yake. Digidigi huoa mara moja tu. Kama hamjui, jueni.

"Mke wangu," akasema, "namba moja siitaki. Waniandike hata wa kumi. Ila nimsikie Nyati akisema haikuwa bahati. Nimecheza maisha yangu yote. Nisife nikiitwa bahati."

Mke akaenda, tu-tu-tu. Akamkuta Nyati kwenye matope.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakuomba neno moja. Njoo useme mlivyocheza."

"Neno tu? Hilo dogo. Nitakuja kesho."

Mke akarudi. Wakangoja. Nyati hakuja.

Siku ya pili, tu-tu-tu. Safari hii Fisi alikuwa pale pale, anacheka.

"Ukuta, umepata mgeni! Angalia usimkanyage!"

Mke akamgeukia Nyati, akaimba:

*Nyati, Nyati, neno moja,*
*Si majani, si maji, neno moja,*
*Kifua kinafunga, neno moja.*

"Kesho, shemeji," akasema Nyati. "Leo nina wageni."

Siku ya tatu, tu-tu-tu, polepole, maana miguu ilichoka. Nyati alikuwa peke yake.

"Shemeji, kesho yako ina siku ngapi?"

Nyati akainamisha kichwa. "Nikisema, watanifuta kwenye mwamba."

"Watakufuta. Ndiyo."

"Watanicheka."

"Watakucheka. Yeye wamemcheka miaka mingapi?"

"Niache nilale nalo usiku mmoja tu."

"Yeye hana usiku mmoja," akasema mke, akageuka.

Alipofika, Digidigi akafumbua jicho. "Amesema?"

"Bado."

"Anakuja?"

Angeweza kumdanganya. Mimi nasema angeweza, na nisingemlaumu. Lakini hakuwahi kumdanganya, akashindwa kuanza siku ile.

"Amesema kesho."

"Basi niinue kichwa kidogo," akasema Digidigi. "Nimsikie vizuri akija."

Mke akamwinua, akamwegemeza begani pake. Digidigi akakaa hivyo, masikio yamesimama. Kulipokucha masikio bado yamesimama, lakini mwenyewe hayupo.

Siku ya nne Nyati akaja kwenye mwamba. Gududu, gududu. Wanyama wote wapo, wanabishana bado. Akaguna, wakanyamaza.

"Nilimkaba Digidigi, nikashindwa. Alinipita chini ya tumbo mara kumi na tisa. Haikuwa bahati. Haikuwa upepo. Sijawahi kumwona mchezaji kama yule, na nimewakaba wote. Nifute, Nungunungu."

Zikalipuka kelele! Nungunungu akafuta nafasi ya tano, khwaru, khwaru. Akapanda juu kabisa akaandika: DIGIDIGI. Fisi ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Si niliwaambia!" Muongo mkubwa.

Nyati akamwona mke wa Digidigi, amesimama nyuma.

"Shemeji, nimesema. Sasa ni namba moja."

"Nimesikia. Lakini si mimi niliyekuwa nakudai. Anayekudai yuko chini ya kichaka. Tumemfukia asubuhi."

Nyati akaenda. Akainamisha mdomo hadi kwenye udongo mbichi. Akasema lote, tangu tu-tu-tu ya kwanza hadi ya kumi na tisa. Udongo haukujibu. Akarudia. Haukujibu.

Tangu siku hiyo nyati dume akizeeka huacha kundi, akatembea peke yake, kichwa chini. Na digidigi, mtazameni chini ya macho: ana michirizi myeusi. Ni machozi ya yule mke. Hayakufutika.

Funzo ni hili, silizungushi. Anayeujua uwezo wa mwenzake anadaiwa kuusema, na deni hilo hulipwa mwenyewe akiwa na masikio. Akishazikwa, hata umwandike juu ya milima yote, unawaandikia wengine.

Ngano yangu imekaa chini hapa, haiendi mbele. Msinipigie makofi. Wewe unayedaiwa neno na mtu aliye hai, unajijua. Inuka. Nenda kalipe.