Kichwa cha Mwavita

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho. Naapa kwa filimbi yangu ya reli, niliyostaafu nayo na ambayo hadi leo imening'inia msumarini juu ya kitanda. Na kwa kuwa wajukuu zangu wana tabia ya kuninyooshea kidole, nimeweka rehani: atakayenikamata na uongo, hata uwe mdogo kama chawa, nampa ndevu zangu hizi nyeupe azisuke apendavyo, nami nitatoka nazo hadi sokoni.

Methali yenyewe ni hii: Nywele hazigombwi, hubembelezwa.

Aliyeitamka ni mke wangu, Bi Tunu, akiwa jikoni. Barazani, mjukuu wetu Sada alikuwa amembana mdogo wake Kibibi katikati ya magoti, anamchana kwa kitana cha meno membamba, kutoka mzizini kuja nje, kama mtu anayelima udongo wa kiangazi. Kibibi analia. Sada anafoka, "Tulia! Kichwa kigumu wewe!" Ndipo sauti ya bibi yao ikatoka kwenye moshi na methali hiyo.

Wakanigeukia wote wawili. "Babu, Bibi kaitoa wapi hiyo?"

Mimi sijawahi kuulizwa swali nikakosa jibu. Nikavuta kigoda. Methali hii, nikawaambia, ilianza hivi.

Hapa hapa Ujiji, zamani, palikuwa na msusi aitwaye Bi Feza. Wanawake walitoka Kigoma mjini, wengine hata Kasulu, kuja kuketi mbele ya magoti yake. Alikuwa na neno moja tu: "Msuko usioliza si msuko." Nao wakamwamini, maana kila mtu alijua kwamba msuko ukiuma ndio unashika. Ukitoka kwa Bi Feza macho hayafumbi. Unalala unahesabu boriti za dari. Mama mmoja alipiga chafya njiani akitoka kusukwa, nyusi zikahamia utosini, na tangu siku ile akaonekana kama mtu aliyeletewa habari ya kushtusha.

"Nyusi za nani hizo?" Kibibi akauliza, machozi hayajakauka.

"Marehemu hatajwi," nikamjibu, nikaendelea.

Mwenye mba alisuguliwa kwa gunzi la muhindi na sabuni ya kufulia mpaka kichwa king'ae. Mba ilirudi baada ya siku chache, imekuja na jamaa zake, na mwenye nayo akarudi kusuguliwa zaidi. Hakuna aliyemlaumu Bi Feza. Walivilaumu vichwa vyao. Na polepole nywele za mbele zikaanza kuhama. Wanawake wakashusha mitandio karibu na nyusi, kila mmoja akidhani kahamwa peke yake.

Sasa, Bi Feza alikuwa na mjukuu mmoja tu, Mwavita, ambaye mama yake alifariki kwa uzazi. Bi Feza alimlea tangu siku ya kwanza. Na kwa sababu alikuwa mjukuu wa msusi, kichwa chake kilikuwa ndicho kibao cha duka: kila msuko mpya ulianzia hapo, na ulikazwa kuliko yote ili watu waone kazi.

Mwavita akachumbiwa na kijana wa Uvinza, mpika chumvi aitwaye Maulidi. Walipendana, si mchezo. Lakini ukoo wa Maulidi walikuwa na siku yao waliyoiita siku ya kufumua. Kabla ya ndoa, shangazi za bwana harusi huja, humfumua bi harusi mbele ya wanawake wote, humchana na kumpaka mafuta kwa mikono yao wenyewe. Hapo ndipo amepokelewa. Ila kichwa kikionekana kina kasoro, shangazi wana haki ya kukunja mkeka na kurudi kwao, na ndoa ikaishia hapo.

Harusi ikiwa imepangwa kabla ya Ramadhani, Bi Feza alimfumua Mwavita ili aanze kumwandaa. Msuko ukatoka, na nywele zikatoka na msuko. Juu ya masikio na kwenye paji palikuwa ngozi tupu, inang'aa, imejaa vipele. Katikati mba imepasuka kama matope ya bwawa lililokauka.

"Kichwa hiki kina kiburi!" Bi Feza akapaza sauti. Akachukua gunzi, akachukua sabuni, akatwanga na pilipili ndani ya mafuta, eti kuziamsha nywele zilizolala. Aliposogea, Mwavita akamshika mkono.

"Bibi, kichwa changu kimekukosea nini?"

"Kimeniaibisha! Shangazi za Maulidi wanakuja, na wewe umeota upara kama karani wa bandari!"

"Anayekisuka ni wewe. Upara kimejifunzia wapi?"

"Niache nikitengeneze."

"Utakimaliza, Bibi. Maulidi ataoa mtandio."

Bi Feza akataka kuuchomoa mkono wake. Mwavita hakuuachia. Akauinua, akauweka juu ya utosi wake mwenyewe.

"Bi Zaina jirani huniambia nilizaliwa na ukoko hapa. Uliutoa kwa gunzi?"

"Kwa gunzi? Una wazimu? Utosi ulikuwa unadunda! Ningethubutuje? Nilipasha mafuta ya mise kidogo, nikakupaka kwa ncha ya kidole, nikasubiri ulainike wenyewe, nikafuta kwa kitambaa. Tena nikakuimbia, maana ulikuwa huachi kulia."

"Sasa utosi umefunga," Mwavita akasema, "ndiyo maana umeacha kunihurumia?"

Bi Feza akaupapasa ule utosi kwa ncha ya kidole. Akakaa pale, mkono bado juu ya kile kichwa. Kisha akaliweka gunzi chini. Mbuzi wa jirani akaja akaliokota, akaondoka nalo.

Kuanzia hapo hakumsuka tena. Alichemsha majani ya mwarobaini, akayaacha yapoe kabisa, akamwoshea kwa vidole bila kucha. Kwenye vipele alimpaka utomvu wa shubiri. Mise, yale mafuta ya kokwa za michikichi, aliyapasha yawe vuguvugu tu, akayapitisha kichwani polepole kama anayemlaza mtoto. Kuchana, alichana nywele zikiwa na unyevu na mafuta, kwa chanuo la mti lenye meno mapana, akianzia nchani na kupanda mzizini kidogo kidogo. Akazifunga mabutu makubwa yaliyolegea. Mikono yake iliwashwa kukaza, watoto wangu! Kila ikiwashwa alishika tasbihi, isije ikamponza.

Wateja walipokuja akawaambia, "Leo nasuka bila kuvuta." Wengine wakacheka, wengine wakaondoka kwa hasira: "Bi Feza kazeeka, mikono imekufa." Baraza likapwaya. Naye akavumilia, ingawa hakujua kama nywele zitawahi kurudi kabla ya siku ya kufumua.

Siku ikafika. Shangazi walishuka na treni ya Uvinza, treni ambayo mimi mwenyewe niliipigia filimbi kwa mdomo wangu huu. Kiongozi wao alikuwa Shangazi Mwasiti, mwanamke ambaye akikohoa, kuku wanarudi bandani. Wakatandika mkeka, wakamkalisha Mwavita, wakafungua mabutu, na lo! Nywele zikamwagika hadi kiunoni, nyeusi kama...

"Kiunoni!"

Bi Tunu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mwavita ni mama yangu aliyenizaa," akawaambia watoto. "Kiuno gani? Babu yenu anatia chumvi."

"Si ni chumvi ya Uvinza," nikajitetea. "Haidhuru mchuzi."

"Inaharibu hadithi. Kama zingefika kiunoni, methali ingetoka wapi? Sogea huko." Akakaa, akaendelea yeye, nami nikampisha, maana alikuwa na haki.

"Nywele za katikati zilikuwa zimetulia, mba imekwisha, ngozi nzuri. Lakini mbele vilikuwa vimechomoza vinyweleo tu, kama vya kifaranga aliyetoka kwenye yai. Shangazi Mwasiti akatazama. Akatoa kitana kifuani, meno membamba kama hicho chako, Sada, akakielekeza kwenye vile vinyweleo, aone kama vimeshika au vimebandikwa. Mama yangu akafumba macho. Ndipo Bi Feza akaudaka mkono wa shangazi wa bwana harusi."

"Akaudaka?" Sada akashangaa.

"Mbele ya watu. Jambo ambalo halijawahi kufanywa. Akamwambia, 'Nywele hazigombwi, mama. Hubembelezwa. Huo upara niliuotesha mimi, kwa mikono hii mnayoisifu. Vinyweleo unavyoviona vimekuja kwa kubembelezwa. Ukitaka kukunja mkeka, kunja. Ila usivivute.'"

"Akakunja?"

"Shangazi Mwasiti alisimama. Mama alinisimulia kwamba pale moyo wake ulikwisha panda treni peke yake, unakwenda Uvinza kumuaga Maulidi. Shangazi akaufungua mtandio wake mwenyewe. Paji tupu hadi karibu na utosi, limewiva kwa kusuguliwa. Akasema, 'Mimi zangu nimezigomba tangu usichana, na nikazificha nisije nikachekwa. Bi harusi, nipishe mkeka.' Akaweka kichwa kwenye mapaja ya Bi Feza. 'Nibembelezee na mimi.'"

Jikoni sufuria ilianza kuchemka na hakuna aliyeinuka.

"Mitandio ikaanza kuvuliwa, mmoja baada ya mwingine. Ndipo vigelegele vikapigwa. Mama akaolewa, nikazaliwa mimi. Na nywele za mbele zikaja zote, kwa wakati wake."

Hapo akanitazama, nami nikamalizia sehemu ninayoijua vizuri, kwa kuwa niliiona kwa macho yangu nilipokuja kuposa nyumba ile. Bi Feza alikuwa ajuza, kichwa chake kimekuwa cheupe kama pamba. Kila Alhamisi jioni Mwavita alimkalisha mbele ya magoti yake, akampaka mise ya vuguvugu kwa ncha za vidole. "Asante, Bibi," alimwambia. Na ajuza akauliza, kila mara, "Asante ya nini, nami ndiye niliyekunyonyoa?" Naye Mwavita akamjibu, "Asante ya kuliweka gunzi chini."

Mikono ile Bi Tunu aliirithi. Kofia ya reli iliponiletea mba na kuniotesha vipele, nami nikataka kujisugua kwa brashi ya viatu, ni mikono hiyo iliyoninyang'anya brashi. Kama bado nina kitu cha kuchana leo, shukrani ni zake, na za Bi Feza, na za Mungu aliyewapa subira. Mimi mwenyewe nimegombwa kidogo sana katika nyumba hii, na nimebembelezwa kuliko ninavyostahili.

Sada alikuwa ameshaweka kitana kando. Akaleta maji na mafuta, akalowesha nywele za mdogo wake, akaanzia nchani kwa chanuo. "Samahani, Kibibi," akanong'ona. Kibibi akasinzia.

Nikadhani nimepona. Lakini Sada, bila kuinua uso, akasema, "Babu, treni iliyoleta shangazi uliipigia filimbi wewe?"

"Kwa mdomo huu."

"Na Bibi alizaliwa baada ya harusi ile?"

"Ndiyo."

"Na Bibi hutuambia wewe na yeye mmezaliwa mwaka mmoja." Akainua macho. "Sasa filimbi uliipigia tumboni mwa nani?"

Bi Tunu akacheka hadi mwiko ukamponyoka. Mimi nikatafuta jibu mfuko wa kushoto, nikatafuta wa kulia. Sikulipata. Rehani ni rehani. Nikashuka kwenye kigoda, nikakaa chini mbele ya magoti ya Sada, nikainua kidevu. Kibibi naye akaamka, asikose haki yake, akazikamata ndevu upande wa pili na kuvuta kwa nguvu zote.

"Taratibu, mama!" nikapiga yowe. "Nywele hazigombwi!"

Nao wakaitikia wote watatu, "Hubembelezwa!"