Mama Naelijwa na Msaidizi Asiyeitwa

"Ukisaidiwa hujaomba, tazama mikono yako."

Mmeisikia jana mferejini, mzee wa maji alipomwambia yule kijana aliyekuta shamba lake limenyweshwa na asijue nani kalinywesha. Mkacheka, mkasema mzee kateleza ulimi, alitaka kusema tazama mikono yake, yaani ya huyo anayesaidia. Maana mtu akikushikia mzigo hujamwita, unayemchunga si yeye? Mzee hakuteleza. Ni mikono yako. Basi kaeni, msikie ilikotoka.

Si zamani sana. Wengine wenu mlikuwa mmeshabebwa mgongoni. Hapa hapa Mkanyeni, juu milimani Upare, palikuwa na mjane mmoja jina lake Namkunda, ila watu walimwita Mama Naelijwa, kwa jina la bintiye. Mumewe alikuwa mwinjilisti wa usharika. Alipofariki, mama huyu aliendelea kufungua ofisi ya usharika kila asubuhi, akawaandikia watu barua zao, na ndiye aliyekuwa katibu wa ndiva. Ndiva yetu mnaijua: bwawa la udongo na mawe, usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na kila nyumba ina siku yake. Siku hizo katibu ndiye aliyeziandika.

Shule yake ilikuwa ya darasa la saba, basi. Lakini kuandika kwa mashine alifundishwa na mumewe kwenye taipureta ya misheni, na alifundishwa vizuri: macho kwenye karatasi unayonakili, vidole vijitafutie njia. Hata ilipokuja kompyuta aliandika vivyo hivyo. Hakuitazama mikono yake, wala hakukitazama kioo mpaka amalize.

Tena alikuwa mtu wa kushuku. Akifunga mlango wa ofisi anauvuta kuujaribu, anakwenda hatua chache, anarudi anauvuta tena. Akiletewa zawadi huuliza ya nini kabla hajasema ahsante. Alisema Bwana wetu alituambia tukeshe na tuombe, na watu wengi wanaomba tu, kukesha wamemwachia mbwa.

Basi Krismasi moja bintiye Naelijwa akapanda kutoka Arusha, alikokuwa akifanya kazi ya ofisi. Akaiona kompyuta ya mama yake, akashika kichwa.

"Mama! Bado unaandikia programu hii? Hii ni ya tangu baba yupo."

"Ina kosa gani?"

"Haina kosa, imezeeka. Nakuwekea toleo jipya. Lenyewe linakusaidia kuandika."

"Nani kaliomba msaada?"

"Mama nawe! Msaada wa mtoto unaombwa?"

Mama akampisha kiti, maana mtoto amekuja kwa upendo, na upendo haukataliwi mlangoni. Naelijwa akaiondoa programu ya zamani, akaweka mpya, akarudi Arusha.

Siku ya kwanza mama kuifungua, kioo kikaandika: *Habari za asubuhi, Namkunda!*

Mama akageuka nyuma. Hakuna mtu. "Nani kakwambia jina langu?" akauliza. Akaifunika kwa kitambaa, akaandika kwa kalamu siku hiyo nzima. Kesho yake ikamsalimu tena, na kesho kutwa. Mwisho akaona kutomjibu anayekuamkia si Ukristo, akawa anajibu "Nzuri," ila kwa sauti kavu, kama unavyomjibu muuza mitumba.

Ukaingia ukame. Wanandiva wakakaa kikao, wakagawana siku, na mama akaandika maafikiano kwa kalamu kwenye daftari. Jumatatu ni ya Mzee Senzia. Alhamisi ni ya Kaanaeli, kijana mwenye watoto wadogo, aliyepanda maharage kule chini kabisa mwisho wa mfereji, na maharage yenyewe yalikuwa yametoa maua. Mnajua maharage yenye maua yakikosa maji. Hayasubiri kikao kingine.

Mama akanakili kwenye kompyuta, akachapa, karatasi ikapigiliwa misumari kwenye nguzo ya ndiva.

Alhamisi asubuhi Kaanaeli anafika na jembe begani, anamkuta Mzee Senzia ndani ya mfereji, maji yanamwingilia shambani.

"Mzee, leo siku yangu."

"Yetu," akasema Senzia. "Soma."

Kaanaeli akasoma: *Alhamisi: Mzee Senzia, Kaanaeli.* Na shamba la Senzia liko juu. Aliye juu akishiba, wa chini anapata matope.

Kaanaeli hakubishana. Alikwenda moja kwa moja ofisini, akasimama mlangoni na jembe lake.

"Mama Naelijwa, leo sikuamkii."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Usiniite mwanangu. Siku yangu umeiuza."

"Nimeiuza kwa nani?"

"Kwa Senzia. Kijiji kizima kimeona mkungu wa ndizi ukiingia kwako wiki iliyopita. Ulitoka wapi?"

Ni kweli. Senzia alileta mkungu kushukuru kwa barua aliyoandikiwa. Mama aliuliza ya nini, akaambiwa, akapokea. Sasa mkungu ule ukawa unamkaa kooni. Akachukua daftari: *Alhamisi, Kaanaeli.* Akaitazama karatasi iliyochapwa: *Mzee Senzia, Kaanaeli.*

"Hili jina sikuliandika," akasema.

"Limejiandika?"

"Sijui. Nitajua."

"Kikao ni kesho," akasema Kaanaeli. "Katibu anayeuza maji hatumtaki. Na maharage yangu yakianguka maua, wanangu nitawaleta hapa uwalishe hiyo mikungu yako."

Akaondoka. Mama akaketi. Hakuwa na mali ya kupoteza; alichoachiwa na mumewe ni jina tu, na jina lenyewe sasa lilikuwa linapita mferejini na uchafu. Akawaza: mimi sikuandika, na karatasi imeandikwa. Basi kuna mtu anaingia humu. Na nani atafaidika? Senzia. Kumbe ndizi zilikuja kupima nyumba.

Jioni akaiandika ile orodha upya, mwanzo hadi mwisho, macho kwenye daftari kama alivyofundishwa. Aliposhika tu nukta ya mwisho umeme ukakatika. "Haya," akasema, "itakuwa imejihifadhi." Akachota majivu jikoni, akayachekecha kwenye kizingiti cha ofisi, laini kama unga wa sembe. Akafunga mlango. Akauvuta. Akarudi akauvuta tena.

Asubuhi akainama na miwani yake. Majivu yametulia. Hakuna unyayo, wala wa paka. Akaruka kizingiti, akafungua mashine. *Habari za asubuhi, Namkunda!* Leo hakujibu. Akatafuta Alhamisi.

*Mzee Senzia, Kaanaeli.*

Akasema Zaburi ya ishirini na tatu mpaka mwisho, akaanza tena. Alikuwa bado anaisema kikao kilipoingia: Mzee Mbonea mwenyekiti, Senzia na fimbo yake, Kaanaeli, na wanandiva waliobaki wakasongamana dirishani. Majivu yakakanyagwa yote.

"Mke wa mwinjilisti," akasema Mbonea, "tunasikiliza."

"Sina la kusema, Mwenyekiti. Nina la kuonyesha. Nitaandika mbele yenu. Mimi nitatazama daftari, ninyi tazameni kioo. Akija mtu, mkamateni."

"Mtu gani atapita humo?" akanong'ona Senzia, lakini alisogeza kiti.

Mama akaanza. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na kila mmoja jina lake. Pale Jumatano ukurasa wa daftari ukaisha. Akaandika *Alhamisi*, akainua mkono kufunua ukurasa.

"Simama!" akapiga kelele Kaanaeli. "Huyo hapo!"

Kwenye kioo, mbele ya neno Alhamisi, palikuwa pametokea maneno hafifu, rangi ya moshi: *Mzee Senzia.* Hakuna aliyekuwa amegusa kitu.

"Yesu wangu," akasema mmoja dirishani.

"Endelea, mama," akasema Mbonea polepole. "Fanya vilevile ufanyavyo siku zote."

Mama akarudisha macho kwenye daftari. Kidole chake kidogo cha kushoto kikakwenda pembeni, kwenye kile kitufe cha kurukia, ambacho tangu enzi za taipureta alikipiga ili kuvuka kutoka safu ya siku kwenda safu ya majina. Akakipiga. Moshi ukageuka wino. *Mzee Senzia,* mweusi kabisa, na mkato wake. Kisha mama mwenyewe akaandika *Kaanaeli* mbele yake.

"Mama Naelijwa," akasema Kaanaeli, na safari hii sauti ilikuwa imeshuka, "ni kidole chako."

Wakarudia. Wakarudia tena. Kila vidole vikipumzika, mashine inanong'oneza neno. Kila mama akipiga kitufe chake cha kurukia, mashine inadhani ameitikia ndiyo. Kwenye toleo la zamani kitufe kile kilikuwa cha kuruka tu.

"Lakini kwa nini Senzia?" akauliza Kaanaeli, bado ana kashaka kake. "Kwa nini isinong'oneze jina langu?"

Mbonea akacheka mpaka akakohoa. "Barua nyingi humo ndani ni za nani? Kesi ya mbuzi, ya nani? Kesi ya mpaka? Kesi ya mzinga wa nyuki? Senzia, umeshitaki mpaka kompyuta imekuzoea!"

"Mtu akidhulumiwa asiseme?" akasema Senzia.

Kaanaeli hakutosheka. Akaomba kiti, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anayebonyeza kunguni: *Mama Naelijwa ni*. Akatulia atafute neno la kuuma. Mashine ikamwahi: *kiongozi mwaminifu na mwenye upendo kwa wote.*

"Hata hii imekula ndizi!" akasema, na ofisi nzima ikavunjika mbavu, yeye mwenyewe mmoja wao.

Mama hakucheka. Alikuwa ameiweka mikono yake juu ya meza, viganja juu, anaitazama kama ya mtu mwingine.

"Nilimtegea mwizi majivu mlangoni," akasema. "Kumbe nimemfungia ndani, tena nimempa kiti changu. Mzee Senzia, nilikushuku wewe na ndizi zako. Nisamehe."

"Yamekwisha, mama."

"Hayajakwisha. Wewe mkono wako ulikuwa wapi?"

"Wangu? Mimi kompyuta siijui!"

"Uliposoma jina lako siku isiyo yako, na kwenye kikao ulikuwepo, ulifanya nini?"

Senzia akakuna kidevu. "Nilisema Mungu ni mwema."

"Kisha ukashika jembe."

Watu wote wakajikuta wanatazama mikono yake kwenye fimbo, na chini ya kucha bado kulikuwa na tope la mfereji.

Ndipo Mama Naelijwa akalisema, bila haraka: "Ukisaidiwa hujaomba, tazama mikono yako."

Mzee Senzia akasema, bila kumtazama mtu, kwamba Jumatatu, siku yake mwenyewe, ndiva ni ya Kaanaeli, yote, tangu kufunguliwa mpaka kukauka. Akaongeza kwamba asiandikiwe barua ya kushukuriwa, maana mashine itazidi kumpenda.

Kisha mama akampigia simu bintiye.

"Naelijwa, ile programu ya baba yako naitaka."

"Mama, jamani! Dunia nzima inakwenda mbele, wewe unarudi nyuma?"

"Gari likikwama matopeni, dereva hurudi nyuma kwanza. Yeye si mshamba, anatafuta pa kupita."

"Kile kitu cha kunong'oneza kinazimika tu, mama. Nitakuelekeza."

"Anayekuja bila kuitwa, ukimzima leo, kesho anajiwasha. Sidii ya baba yako, ile santuri ya programu, iko wapi?"

"Kwenye kopo la biskuti. Chini ya tenzi za baba. Sikuitupa."

"Ahsante, mwanangu. Ulinisaidia kwa upendo. Safari nyingine uliza."

Santuri ikapatikana. Mama akaiingiza, na kikao chote kikabaki kushuhudia, maana burudani kama hiyo haikuwahi kupanda mlimani. Mashine ikauliza: *Una uhakika unataka kurudi toleo la zamani?*

"Ndiyo," akasema mama kwa sauti, akabonyeza.

*Utapoteza msaidizi wako mahiri. Una uhakika?*

"Ndiyo."

*Tunasikitika kukuona ukirudi nyuma. Una uhakika kabisa?*

"Petro naye aliulizwa mara tatu," akasema mama. "Ndiyo."

"Amina!" wakaitika dirishani.

Kioo kikazimika, kikawaka tena: kijivujivu, kitupu, kama kilivyokuwa enzi za mwinjilisti. Hakikumsalimu mtu. Mama akavaa miwani, akaandika *Alhamisi*, akafunua ukurasa, akasubiri. Hakuna kilichonong'ona. Akapiga kitufe cha kurukia, akaandika *Kaanaeli*. Lakini safari hii, na kila safari baada ya hapo mpaka alipostaafu, aliinua macho akatazama vidole vyake kabla hajaendelea.

Jumatatu Kaanaeli alifungua ndiva, maji yakafika mwisho wa mfereji. Maua yaliyokuwa yamekwisha kuanguka hayakurudi, yaliyobaki yakafunga. Alipovuna alileta debe la maharage ofisini. Mama akauliza ya nini.

"Ya kuomba radhi."

Mama akaitazama mikono yake kwanza. Kisha akapokea.

Sasa mnaona kwa nini mzee wa maji hakuteleza. Aliyekuletea msaada huenda ana nia njema, huenda hana nia yoyote, huenda hata mikono hana. Lakini kuna mkono uliopokea, na huo unao wewe. Mkikutana na jambo la namna hiyo, kumbukeni kidole cha Mama Naelijwa na kucha za Mzee Senzia.

Ukisaidiwa hujaomba, tazama mikono yako.