Kiti cha Solo na Gita la Mninga

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na mazimwi bali zamani ambayo shangazi zenu wanaikumbuka, palikuwa na mji mdogo kando ya reli, na katika mji huo palikuwa na bendi. Niseme mapema kwamba kisa hiki kinaniudhi. Kiliniudhi niliposimuliwa, kinaniudhi ninapokisimulia, na nanyi msipoudhika nitajua mlikuwa mnasinzia.

Bendi ile ilipiga magita makavu, yale yasiyojua umeme. Palikuwa na besi, palikuwa na ridhimu, na mbele kabisa palikuwa na kiti kimoja cha mpiga solo. Kilikuwa kiti cha mbao tu, mguu mmoja umefungwa waya, lakini aliyekikalia alijulikana stesheni zote za reli ile, na harusi haikuanza mpaka afike. Basi mwenye kiti akafariki. Watu wakazika, wakalia, matanga yakaisha, na kiti kikabaki kitupu. Bendi ikaacha kwenda harusini.

Sasa sikieni desturi yao, maana balaa lote limeanzia hapo. Kwa bendi nyingine, kiti cha solo hupewa mpigaji hodari. Kwa hawa, thubutu! Kiti kilipewa gita. Waasisi wao waliamini kwamba vidole huzeeka ila mbao huzidi kuiva. Kwa hiyo kiti kikiwa kitupu, magita yote ya mjini huletwa ukumbini, mtu mmoja huyapiga yote, wimbo uleule, na wazee wa bendi hukaa wakitazama ukuta, migongo kwa mpigaji, ili macho yasiwadanganye masikio. Gita likishinda, mwenye gita anakalia kiti, awe hodari asiwe hodari. Na yule aliyeyapiga yote? Anaambiwa ahsante. Ndiyo, ahsante, kisha anarudi nyuma akakae.

Safari hii aliyepewa kazi ya kuyapiga alikuwa Chilewa, mpiga ridhimu. Tangu ndevu hazijamwota, Chilewa alikaa nyuma ya bega la marehemu, akimfuata kila alikokwenda, akimsitiri kila alipokosea. Nyimbo zote za solo alizijua. Lakini Chilewa hakuwa na gita. Alilolipiga lilikuwa mali ya bendi, na asiye na gita hana cha kushindanisha.

Wa pili katika kisa hiki alikuwa Zabloni. Huyu alikuwa na gita la chapa ya Halmar, kutoka ng'ambo, alilotumiwa na kaka yake aliyekuwa baharia. Kifua cha gita kilikuwa cha msonobari mweupe wa nchi za baridi, mgongo wake wa mti mwekundu ambao hakuna seremala mjini aliyeujua jina. Zabloni alilifunga kwa blanketi, na wageni waliokwenda kulitazama walitakiwa kunawa mikono kwanza. Alikuwa mpigaji mzuri, msimnyime haki yake. Tatizo lake ni kwamba kila sentensi yake ilikuwa na neno Halmar ndani yake.

Wa tatu alikuwa Nyemo, mwanamke seremala, fundi wa vitanda na makabati. Huyu alijitengenezea gita kwa mikono yake. Alianza na mbao za mkangazi. Sauti ikawa laini, tamu, lakini ikazimika kabla hujaifurahia. Akajaribu mvule, gita likavuma ndani kwa ndani, mithili ya mtu anayesemea kwenye pipa. Akajaribu mninga, na hapo moyo ukamruka, lakini ubao ulikuwa mbichi, ukapinda, gundi ikaachia. Alitaka mninga mkavu, mninga uliosahau kwamba uliwahi kuwa mti. Na mninga wa namna hiyo ulikuwepo mahali pamoja tu: kitanda cha ndoa cha shangazi yake, Bi Mbeleje.

Alimbembeleza. Bi Mbeleje alimtukana, akamfukuza, akamwita tena, akampa. Tangu siku hiyo mama mtu mzima akawa analala kwenye mkeka. Nyemo akazipiga mbao za kitanda randa mpaka zikawa nyembamba, ukizigonga kwa kucha zinakuitika. Akazikunja kwa mvuke, akaziunga, akazisugua kwa msasa. Gita likasimama. Nyuzi tu hakuwa nazo, kwa hiyo akalifunga waya za breki za baiskeli, kama walivyofanya wengi wakati huo.

Siku ya kushindanisha ikafika. Asubuhi, barazani mwa ukumbi, Chilewa akalishika gita la Nyemo, akaligusa mara moja, akakunja uso.

"Dada Nyemo," akasema, "mbao zako zina maneno, ila hizi waya zinazipigia kelele. Sitaweza kuwasikilizisha wazee kitu hapa."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Si angeleta baiskeli yenyewe!"

Zabloni naye akacheka. Mkononi alikuwa na pakiti ya nyuzi mpya, alizotumiwa na kaka yake, ambazo ndizo alizotaka kulifungia Halmar asubuhi ile. Akamtupia Nyemo mapajani.

"Chukua hizo," akasema. "Halmar ni Halmar. Hata nikilifunga kamba za katani litaimba. Sitaki kesho uje kusema ulishindwa kwa ajili ya nyuzi."

Nyemo hakusema ahsante, wala hakuzirudisha. Akazifunga. Halmar likaingia ukumbini na nyuzi zake kuukuu, zilizokwisha kuliwa na jasho. Chilewa aliona yote, na hakusema kitu. Hilo mlikumbuke.

Wazee wakageukia ukuta. Kiongozi wao, Mzee Semwenda, akakohoa, na Chilewa akaanza.

Akapiga gita la chapa ya Tokuma, la mwalimu mmoja, linalong'aa ukajiona uso, lakini mbao zake zilikuwa za kubandikwa tu. Likalia kwa nguvu, kisha likakata, kama kijiko kikigonga kikombe. Wazee wakauambia ukuta, "Hapana."

Akapiga jingine la Tokuma, la mtindo uleule, na wazee wakasema, "Hapana, na hilo la kwanza tena la nini?"

Akapiga Halmar. Sauti ikatoka safi, kila noti peke yake, ungeweza kuzichambua kama mchele. Zilikuwa zimefifia kidogo kingo zake, lakini safi. Wazee wakaitikia kwa vichwa, mmoja akasema, "Hili limetembea duniani."

Akapiga gita la Nyemo. Wimbo uleule, vidole vilevile. Chini sauti ilikuwa nzito, juu ilikuwa tamu, na katikati palikuwa na kitu kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Vidole vikiondoka, sauti inabaki. Chilewa mwenyewe akashangaa, akapunguza mwendo, akaacha kila noti imalizike kwa wakati wake. Na kabla wimbo haujaisha, Mzee Semwenda akageuka kutoka ukutani, jambo ambalo hakuna mzee aliyewahi kulifanya, na machozi yanamtoka.

"Hiyo ni sauti ya marehemu," akasema. "Kiti kimepata gita."

Wazee wengine nao wakageuka. Na mmoja wao, ambaye naye alikuwa akijifuta macho, alipoona mbao ina alama ya mchongo wa kitanda, akasema, "Hili? Si kitanda hiki?" Jamani! Masikio yako yamelia, macho yako yanaleta ubishi. Ningekuwepo ningemgeuza tena ukutani, nikamwacha huko.

Nyemo akasogea kwenda kukaa. Zabloni akasimama mbele yake.

"Usikae," akasema. "Sauti mnayoililia ni ya nyuzi zangu. Asubuhi gita hili lilikuwa linakwaruza, nyote mlicheka. Sasa linaimba. Kilichobadilika ni nini? Mbao ni zilezile! Kilichobadilika ni nyuzi, na nyuzi zimetoka mkononi mwangu. Halmar langu limeingia na nyuzi mbovu kwa sababu ya ukarimu wangu. Yaani nimpe mtu chakula changu, kisha aonekane yeye ndiye amenenepa, mimi nichekwe kwamba nimekonda? Kiti ni changu."

Nyemo akamjibu huku amelikumbatia gita lake.

"Ukarimu gani, kaka Zabloni? Hukunipa, ulinitupia. Ulitaka nishindwe mbele ya watu nikiwa sina pa kujificha. Nyuzi zako zingekuwa ndizo zinazoimba, basi zingeimba hata kwenye Tokuma. Mimi ndiye niliyeharibu mkangazi, nikaharibu mvule, nikamvua shangazi yangu kitanda. Siku zote mnaniambia mwanamke fundi aishie kwenye vitanda. Haya, leo kitanda kimewaliza. Desturi yenu inasema mwenye gita anakaa. Mnataka kuibadilisha leo kwa sababu mwenye gita ni mimi?"

Watu wakaguna. Ndipo Chilewa, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, akaiweka mikono yake juu ya meza.

"Mnagombania nyuzi na mbao," akasema. "Sawa. Lilazeni hilo gita hapo mezani tuone kama litawaliza. Marehemu hakuwahi kulishika gita hili. Mbao hizi hazimjui. Nyuzi hizi hazimjui. Anayemjua ni mimi, niliyekaa nyuma ya bega lake, nikashika pumziko lake na mwendo wake. Mzee Semwenda, ulichokisikia ni mkono wangu. Na mimi ndiye niliyeyapiga yote kwa haki, la Zabloni na la Nyemo, ingawa nilijua hakuna hata moja litakalonipa kiti. Mtaniambia ahsante tena? Nimeshiba ahsante."

"Kwa haki?" Zabloni akafoka. "Uliona nyuzi zikihama, ukanyamaza! Na kwangu hukupunguza mwendo. Kwake ulipunguza."

"Nilipunguza kwa sababu gita lilinitaka nipunguze," akasema Chilewa.

"Umesikia?" akasema Nyemo. "Kasema mwenyewe. Gita ndilo lililomwongoza."

Bi Mbeleje, aliyekuwa amekaa mlangoni muda wote huo, akanyoosha mkono. "Mimi kiti sikitaki," akasema. "Mgongo unaniuma. Mkishamaliza, aliyeshinda anitengenezee kitanda."

Hakuna aliyemjibu, na hilo nalo linaniudhi.

Mzee mmoja akatoa shauri: nyuzi mpya zirudi kwenye Halmar, Chilewa apige upya, tujue moja. Zabloni akakubali upesi. Nyemo akasema, "Gita langu limeshachaguliwa, silirudishi mtihanini." Chilewa akasema, "Mimi sipigi tena mpaka nijue mimi ni nani katika bendi hii." Wakabembelezwa, wakakataa. Mwisho Zabloni akapandwa na hasira, akazifungua nyuzi zake, uzi mmoja mmoja, akazikunja, akazitia mfukoni. Nyemo akachukua gita lake tupu, akaliweka begani. Chilewa akavificha vidole vyake kwapani. Kila mtu akawa na chake, na ukumbi mzima haukuwa na sauti yoyote.

Hapo mlangoni wakatokea watu wa harusi, wamevaa, wamependeza, wanauliza bendi inakuja au haiji. Mzee Semwenda akakitazama kiti. Akamtazama Zabloni, akamtazama Nyemo, akamtazama Chilewa.

Na hapo ndipo aliyenisimulia aliponyamaza, nami nikampigia kelele, lakini hakusema zaidi. Basi nawatupia nyinyi. Msiniambie wakae kwa zamu, kiti ni kimoja na bibi harusi anangoja. Msiniambie desturi ibadilishwe mwaka ujao, wa mwaka ujao wana mambo yao. Msiniambie wote wana haki, hilo najua, ndilo linaloniudhi. Aliyetoa nyuzi kwa majivuno, na bila nyuzi zake mngesikia waya za breki. Aliyetengeneza gita, akakilaza chini kizee cha watu, na desturi iko upande wake. Aliyeitoa sauti yenyewe kwa vidole vyake, na hana hata kipande cha mbao cha kuita chake.

Mzee Semwenda amekishika kiti kwa mkono, anakivuta, mguu wenye waya unakwaruza sakafu. Amsogezee nani? Je, kati ya hao, nani alistahili kukaa?