Mpangaji Mzima wa Bi Mwaija

Nazi ikishapita udafu na kabla haijakomaa huitwa koroma. Maji yake hayana utamu, nyama yake haina tui, na aliyeinunua huishia kunung'unika jikoni. Ajabu ni kwamba koroma haimpati sana yule anayeokota nazi iliyo karibu akaenda zake. Humpata anayezigonga zote, akazitikisa sikioni, akazikataa kumi kwa kosa la sura. Asiyesadiki na asikilize habari za Bi Mwaija wa Dunda, mjini Bagamoyo, miaka ile beni ilipopamba moto.

Bi Mwaija alikuwa mjane mwenye nyumba ya vyumba saba, na kimoja, kilichopakana na chake, kilikuwa kitupu. Kodi yake ilikuwa shilingi mbili kwa mwezi. Kwa bei rahisi kama ile, alisema, ana haki ya kuchagua, na akachagua kweli. Mshona kofia alikataliwa kwa sababu anakohoa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikataliwa kwa kuwa ana wake wawili, na muuza bamia kwa kuwa hana hata mmoja. "Mimi nataka mtu mzima, aliyetimia," alisema kila alipoulizwa.

Alasiri moja wakaja Dadi na mkewe Sihaba, na mtoto wao mchanga mgongoni mwa mama. Dadi alikuwa amepofushwa na ndui. Kazi yake ilikuwa kusokota kamba za usumba wa nazi na kuwamba vitanda. Sihaba alizibwa masikio na homa tangu usichana, ila kunena alinena vizuri, tena kwa sauti ya kuitia watu ng'ambo. Wote wawili walisoma chuoni kabla ya maradhi, hivyo Dadi alipotaka kumwambia mkewe neno alimwandikia kwa kidole kiganjani. Walikuwa wakilala katika banda la jiko la binamu yake Dadi, lakini binamu alikuwa anaoza mwanawe Ijumaa, jiko linatakiwa, na masika yameanza kunguruma. Nyumba tano walikobisha hodi waliambiwa chumba kimeshachukuliwa. Hii ilikuwa ya sita.

"Shikamoo, bibi," alisema Dadi.

"Marahaba. Ni nyinyi mnaotaka chumba?"

Sihaba alikuwa ameshachungulia ndani. "Kizingiti chake kifupi, Dadi, hutajikwaa," alisema, na sokoni wakasikia.

Bi Mwaija akatikisa kichwa. "Sikilizeni, wanangu. Mwizi akija, anayemsikia hamwoni, na anayemwona hamsikii. Nyumba yangu italindwa na nani?"

"Mtoto akilia mimi nasikia, namwamsha mama yake, naye anaona kinachomliza," alisema Dadi. "Mtazame, bibi, amenona. Sisi tukiwa pamoja hatupungukiwi kitu."

"Mimi sitaki mtu wa kuunganishwa. Nataka mzima."

Dadi alishika kiganja cha mkewe, lakini hakuandika kitu. Sihaba alikuwa ameshausoma uso wa mwenye nyumba. "Amekataa," alisema, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo. Bi Mwaija aliona haya, lakini haya ile haikudumu hata kikombe kimoja cha kahawa.

Kesho yake akaja Bwana Mwishehe, kanzu nyeupe pepepe, tarbushi nyekundu, mkongojo wa kichwa cha pembe. Bi Mwaija alimtembeza uani aone mwendo wake. Akamnong'oneza kwa mbali, akaitikiwa. Alipocheka akamhesabu meno, yakatimia.

"Una wageni wengi?"

"Wachache tu, bibi, tena watu wenye vyeo. Kingi, jenerali, na madaktari wawili."

Bi Mwaija nusura apige vigelegele. Kwa hofu ya kunyang'anywa na wenye nyumba wengine, aliwaita majirani, akaapa mbele yao kuwa mpangaji yule hatatolewa mpaka mwaka uishe.

Wageni wakaja. Kingi, mfalme wao, alikuwa mchukuzi wa forodhani, jenerali muuza samaki, na madaktari walibeba, mmoja tarumbeta, mwenziwe ngoma kubwa iliyokwama mlangoni. Ndipo Bi Mwaija alipotambua kwamba Bwana Mwishehe ni mkuu wa beni, ngoma ya gwaride, tarumbeta na vyeo vya kujipa, iliyowatia vijana wazimu pwani nzima, na kwamba ua wake umekuwa kambi. Walipiga asubuhi, wakapiga alasiri. Siku ya tatu kuku wakaacha kutaga. Alipolalamika, Bwana Mwishehe alimkumbusha kiapo chake kwa adabu nyingi, kisha akampa cheo cha malkia. Wapangaji wengine wote watano hawakuwa na cheo wala kiapo. Kabla mwezi haujaandama walikuwa wamehama.

Bi Mwaija akajitanda kanga, akavuka njia mpaka kwa jirani yake, Bi Mwanaharusi. Huko ndiko Dadi na Sihaba walikopata chumba, Alhamisi, siku moja kabla ya arusi ya kwa binamu. Bi Mwanaharusi hakuwauliza lolote ila siku ya kuhamia. Aliwapunguzia na kodi, na sasa kila kitanda cha nyumba yake kilikuwa kimewambwa upya, kimekaza kama ngozi ya tari.

"Nimekuja kwa aibu yangu, wanangu," alisema Bi Mwaija. "Vyumba vitano viko vitupu. Chukueni mkitakacho kwa shilingi moja. Kelele zipo, sikatai, lakini mwenzio si hasikii?"

Dadi akaandika yote kiganjani, polepole, bila kuruka neno. Sihaba akamtazama Bi Mwaija, kisha ile nyumba ng'ambo ya njia.

"Mimi sina neno," alisema. "Nitalala."

"Umemsikia, bibi, yeye hana neno," alisema Dadi. "Lakini mimi masikio yangu ni mazima."

Bi Mwaija akajitanda kanga yake upya. Alivuka njia kurudi kwake, na ngoma kubwa ya uani ikampigia mwendo, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni. Mchagua nazi hupata koroma.